Ng'ombe si huyu: kutatua matatizo ya majina ya faili kwenye kashe ya programu ya simu

Mzee mmoja alitupigia simu asubuhi na mapema. Programu yetu ilikuwa ya mnada wa mifugo: mfugaji anapiga picha na kuweka bei, mnunuzi anaangalia kwenye simu kabla hajapanda gari kwenda mnadani. "Kijana wangu," akasema, "kwenye simu nimeona fahali mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Nimefika hapa naonyeshwa ndama mweusi, na namba ya tangazo ni ile ile." Tukaangalia kwenye seva. Picha ya tangazo lile ilikuwa ya ndama mweusi tangu siku ya kwanza. Fahali mwekundu alikuwa wa tangazo lingine kabisa. Simu ya mzee ilikuwa imeipa kila moja ya picha hizo mbili jina lile lile la faili, na iliyotangulia ndiyo iliyoonyeshwa.

Alitumia nauli ya kwenda na kurudi kwa sababu tulichagua heshi ya biti 32. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika dalili na vyanzo vyake kila ninapokutana navyo, na hapa naviweka kwa mpangilio wa kile mtumiaji anachokiona kwanza.

Tukubaliane juu ya maneno machache. Kashe ni akiba ya muda ambamo programu inatunza vitu ilivyokwisha kupakua, ili isivipakue tena. Ufunguo ni kile kinachotambulisha kitu hicho, mara nyingi anwani ya picha. Heshi ni kanuni ya hesabu inayougeuza ufunguo wa urefu wowote kuwa namba ya urefu maalumu, na namba hiyo ikiandikwa kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, kila moja ikibeba biti 4) ndiyo inakuwa jina la faili. Funguo mbili tofauti zikitoa namba moja, huo ni mgongano.

Dalili: picha ya kitu kingine inatokea

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu programu haianguki na logi haziandiki kosa lolote. Mtumiaji anadanganywa kimya kimya.

Anza kwa kuhesabu biti za jina. Jina lenye herufi 8 za heksadesimali ni biti 32. Ukiwa na funguo 77,000 hivi kwenye biti 32, uwezekano wa kuwapo angalau mgongano mmoja ni nusu kwa nusu. Watu wengi wakisikia hivyo wanatulia: simu gani ina picha 77,000? Lakini hesabu hiyo inadanganya ukiitazama simu moja moja. Chukua simu yenye picha 3,000: uwezekano wa mgongano ni kama 1 kwa 1,000. Ukiwa na watumiaji 20,000, tegemea simu 20 hivi zenye picha isiyo yake. Ndiyo maana ofisini hatukuiona hata mara moja. Tulikuwa na simu sita za majaribio.

Na hapo nimechukulia kwamba heshi inatawanya vizuri. `String.hashCode` ya Java, ambayo Kotlin kwenye Android inairithi, ina biti 32 na haitawanyi vizuri hata hizo. Inachukua kila herufi, inazidisha jumla ya nyuma kwa 31, inaongeza herufi inayofuata. Fanya mwenyewe kwa kalamu: "Aa" ni 65 × 31 + 97 = 2112. "BB" ni 66 × 31 + 66 = 2112. Kwa hiyo anwani mbili zinazotofautiana tu pale ambapo moja ina Aa na nyingine ina BB zitagongana siku zote, kwenye simu zote. Vivyo hivyo "Ca" na "DB". Vitambulisho vya tarakimu tupu vinaukwepa mtego huu, kwa kuwa tarakimu mbili haziwezi kupishana kwa 31. Sisi tulianza na tarakimu tupu, tukakaa miezi salama, kisha seva ikahamia vitambulisho vya herufi kubwa na ndogo zilizochanganywa. Wiki ile ile ndipo simu zikaanza kupigwa.

Kuna vijitabia vinavyopunguza biti bila mtu kukusudia. Cha kwanza ni `Math.abs` ili kuondoa alama ya kutoa kwenye jina: kinaunganisha namba chanya na hasi, unabaki na biti 31, na bado −2147483648 inatoka vile vile ikiwa hasi. Cha pili ni kukata SHA-256, heshi ya biti 256, na kubakiza herufi 8 za mwanzo. Umetumia heshi nzuri, kisha ukairudisha kwenye biti 32. Ukitaka jina fupi bakiza herufi 16, yaani biti 64. Kwa simu ile ya picha 3,000, uwezekano wa mgongano kwenye biti 64 hauzidi 3 kwa trilioni kumi.

Kwenye upande wa Apple, wanaoandika kwa Objective-C wana mtego wao. Msimbo wa CoreFoundation, maktaba ya msingi ya Apple, uliochapishwa unaonyesha kwamba heshi ya mfuatano unaozidi herufi 96 inasoma herufi 32 za mwanzo, 32 za katikati na 32 za mwisho. Anwani ndefu za picha zinazotofautiana nje ya sehemu hizo tatu zinatoa heshi moja. Java nayo iliwahi kuwa na ugonjwa unaofanana: kabla ya toleo 1.2 ilisoma herufi zisizozidi 16 za mfuatano, zikiwa zimeachana kwa nafasi sawa, na anwani za mtandaoni ndizo zilizoumia zaidi.

Sasa, kama biti ni nyingi na bado picha zinachanganyika, tazama jinsi baiti zinavyoandikwa. Huu ndio msimbo niliokutana nao mara nyingi kuliko mwingine wowote: mtu anapita kila baiti ya MD5 (heshi ya zamani ya biti 128) na kuiandika kwa `Integer.toHexString`. Baiti 01 na 23 zinatoka "123". Baiti 12 na 03 nazo zinatoka "123". Sifuri za mbele zimemezwa. Baiti hasi nazo zinatoka na mkia mrefu, mfano "ffffff9c". Kipimo chake ni chepesi: MD5 ya herufi moja tu, "a", ni 0cc175b9c0f1b6a831c399e269772661. Inaanza na sifuri. Msimbo wako ukitoa jina lisilo na sifuri hiyo mbele, umempata mhalifu. Wanaopitia `BigInteger.toString(16)` wananaswa na kipimo hicho hicho.

Na kama kosa linatokea tu mtu anapotembeza orodha kwa kasi, kisha likirudiwa halionekani, shuku thredi, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba. `MessageDigest`, kifaa cha Java cha kuhesabu heshi, haikuundwa itumiwe na thredi mbili kwa wakati mmoja. Mtu anaiunda mara moja, anaiweka mahali pa pamoja ili "kuokoa muda", na thredi nne za kupakua zinaimwagia baiti zake humo humo. Matokeo ni heshi ya mchanganyiko wa anwani mbili. Mpe kila thredi yake, au unda mpya kila mara. Gharama ya kuiunda ni ndogo.

Dawa inayotibu familia hii yote, hata usipojua chanzo ni kipi: andika ufunguo kamili ndani ya faili, mwanzoni, na uulinganishe kila unaposoma. Usipolingana, hesabu kwamba faili halipo na upakue upya. OkHttp, maktaba ya Android ya kuwasiliana na seva, inafanya hivyo. Faili zake zinaitwa kwa MD5 ya anwani, lakini anwani yenyewe imeandikwa kwenye faili la maelezo na inakaguliwa kabla jibu halijatolewa. Kwa ukaguzi huo, mgongano unagharimu bando kidogo tu. Usipokuwapo, unamgharimu mtu nauli. Kama utabadilisha kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, naomba kiwe hiki.

Dalili: kila programu ikifunguliwa, picha zinapakuliwa upya

Mtumiaji atasema "programu yenu inakula bando". Ukiingia kwenye folda utaikuta imejaa, ila hakuna kinachosomwa tena.

Kwenye Swift, chanzo kinachoongoza ni `hashValue`. Tangu Swift 4.2 ya mwaka 2018, heshi hiyo inachanganywa na namba ya bahati nasibu inayobadilika kila programu inapowashwa. Imefanywa hivyo makusudi, kuzuia watu wabaya wasiandae funguo zinazogongana. Kwa kamusi iliyo kwenye kumbukumbu ni jambo jema. Kwa jina la faili ni balaa, kwa sababu jina la leo halitajulikana kesho. Kuna kigeu cha mazingira, `SWIFT_DETERMINISTIC_HASHING`, ambacho baadhi yetu tunakiwasha wakati wa majaribio, na kikiwa kimewashwa tatizo linajificha hadi siku ya kutoa toleo. Wa Flutter, wanaoandika kwa Dart, wasifikiri wamepona: maelezo rasmi ya Dart yanasema `Object.hash` haihakikishiwi kubaki ile ile programu ikiwashwa tena. Nako kwenye Java, kitu ambacho hakikuandikiwa `hashCode` yake kinapewa namba isiyodumu.

Kipimo ni cha dakika mbili. Chapisha jina la ufunguo mmoja kwenye logi, ua programu, ifungue, chapisha tena. Majina yakitofautiana, badilisha heshi. Yakifanana, heshi yako haina kosa na shida iko kwenye ufunguo.

Ufunguo unaharibika kwa njia nyingi. Seva zinazotoa anwani zenye sahihi na muda wa kuisha zinabadilisha mkia wa anwani kila unapoomba, wakati picha ni ile ile. Tengeneza ufunguo kwa njia ya faili na toleo lake, ukiiacha sahihi nje. Lakini usikate kila kilicho baada ya alama ya kuuliza! Mara nyingi ukubwa wa picha uko huko, na ukiukata, kijipicha cha orodha kitatokea kwenye ukurasa mkubwa kikiwa na ukungu. Kwenye iPhone, njia kamili ya folda ya programu inaweza kubadilika programu inaposasishwa, kwa hiyo usiweke njia hiyo ndani ya ufunguo. Tumia sehemu inayoanzia ndani ya folda yako tu.

Lipo na moja ambalo wasomaji wa Kiswahili watalitambua. Programu yetu ilikuwa inatunza matokeo ya utafutaji kwa neno aliloandika mtu. "ng'ombe" yenye kistari cha kawaida ina baiti moja pale katikati, 27 kwa heksadesimali. Kibodi ya iPhone, ikiwa imewashwa alama za uakifishaji zinazojirekebisha, inaandika "ng’ombe" yenye kistari kilichopinda, na hicho ni baiti tatu: E2 80 99. Kwa macho ni neno moja, kwa heshi ni maneno mawili. Sawazisha kabla ya kuhesabu heshi: geuza kistari kilichopinda kiwe cha kawaida, ondoa nafasi za pembeni, shusha herufi kubwa. Unaposhusha herufi tumia `Locale.ROOT`, yaani kanuni zisizofuata lugha ya simu, maana simu iliyowekwa Kituruki inaigeuza I kuwa ı isiyo na nukta, na ufunguo unabadilika pamoja na lugha ya simu.

Dalili: faili linakataa kuundwa

Hapa kuna vyanzo vichache, na kosa linajieleza. Ukitumia anwani nzima kuwa jina, utagonga ukuta wa baiti 255, ambao ndio ukomo wa jina moja kwenye ext4 na F2FS, mifumo ya faili ya Android. Ukitumia Base64 ya kawaida (namna ya kuandika baiti kwa herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama chache), mara kwa mara itatokea alama ya mkwaju ndani ya jina, na mfumo utadhani unataja folda isiyokuwapo. Hii inatokea kwa baadhi ya picha tu, ndiyo maana inachosha kuitafuta.

Base64 ina tatizo la pili lililo kimya zaidi: inatofautisha herufi kubwa na ndogo, ilhali sehemu nyingi za kuhifadhia hazitofautishi. Kadi za kumbukumbu zenye mfumo wa faili wa FAT hazitofautishi, wala diski ya kawaida ya Mac inayoendesha kifaa bandia cha iPhone. Simu halisi ya iPhone inatofautisha. Kwa hiyo programu inafanya kazi simuni na kuvurugika mezani, au kinyume chake. Heksadesimali ya herufi ndogo inakwepa yote haya. SHA-256 kamili ni herufi 64, inaenea popote.

Wenye watumiaji Ghuba waangalie pia `String.format("%d")`. Simu ikiwa imewekwa Kiarabu, tarakimu zinaweza kutoka ٠١٢٣, na jina la faili likabadilika siku mtumiaji anapobadilisha lugha. Taja `Locale.ROOT` hapo pia.

Dalili: Android na iPhone hazitoi jina moja kwa ufunguo mmoja

Hii inauma pale tu majina yanapotoka au kulinganishwa na seva. Karibu kila mara chanzo ni heshi iliyoandikwa kwa mkono. Kwenye C, aina ya `char` ni chanya tu kwenye Android ya ARM, lakini inabeba hasi kwenye iPhone na kwenye kifaa bandia cha x86. Herufi za Kiingereza zitakubaliana, ila ile baiti E2 ya kistari chetu itatofautiana. Andika `uint8_t` waziwazi. JavaScript nayo inatunza namba kwa usahihi hadi 2⁵³ tu, kwa hiyo kuzidisha kwa biti 64 bila `BigInt` kunapoteza tarakimu. Na amua mapema kwamba unahesabu baiti za UTF-8, maana `hashCode` ya Java inahesabu vipande vya UTF-16, ambayo ni namna nyingine ya kugeuza herufi kuwa namba.

Dalili: orodha inakwama ikitembezwa, na lawama zinaelekezwa kwa heshi

Mara nyingi swali linaanzia hapa: nipate wapi heshi ya kasi? Naelewa kwa nini, na kwa jina la faili najibu bila kusita: pima kwanza. Anwani ya picha ina baiti mia moja au mia mbili. SHA-256 inasaga hizo kwa mikrosekunde chache hata kwenye simu ya bei nafuu, ilhali kuifungua picha yenyewe na kuichora kunachukua milisekunde. Ukibadilisha SHA-256 kwa kitu chenye kasi mara kumi, macho hayataona tofauti. Kinachokwamisha orodha ni kusoma faili kwenye thredi kuu, au kuhesabu heshi ile ile kila mstari unapoingia kwenye skrini wakati ungeitunza mara moja pamoja na data.

Ushauri wangu kwa programu nyingi, basi, ni SHA-256. Ipo tayari kwenye Android na iPhone, haihitaji maktaba ya nje, na prosesa nyingi za simu za aina ya ARMv8 zina maelekezo maalumu ya kuihesabu. MD5 haina maelekezo kama hayo, kwa hiyo kwenye simu za namna hiyo SHA-256 inaweza hata kuipita kwa kasi. Glide, maktaba ya Android ya kupakia picha, inaitumia SHA-256 kwa majina ya kashe yake ya diski.

Mambo yanabadilika unapohesabu heshi ya yaliyomo ndani ya faili, mfano kutambua video zilizorudiwa. Hapo ni megabaiti nyingi, na kasi ina maana. XXH64 au XXH3, kutoka familia ya xxHash ya Yann Collet, ndizo ningechukua, huku nikisoma faili vipande vipande vya kilobaiti 64 na kamwe si lote kwa mpigo. Iwapo huwezi kuongeza maktaba yoyote na funguo zinatoka kwenye seva yako mwenyewe, FNV-1a ya biti 64, heshi nyepesi, inaenea kwenye mistari michache ya Kotlin:

```
fun jinaLaFaili(ufunguo: String): String {
    var h = -3750763034362895579L
    for (b in ufunguo.toByteArray(Charsets.UTF_8)) {
        h = h xor (b.toLong() and 0xff)
        h *= 1099511628211L
    }
    return java.lang.Long.toHexString(h).padStart(16, '0')
}
```

Ufunguo mtupu utoe cbf29ce484222325, na "a" itoe af63dc4c8601ec8c. Isipokuwa hivyo, umekosea mahali.

Sharti la "seva yako mwenyewe" usiliruke. FNV, MurmurHash na xxHash hazikuundwa kumzuia mtu mwenye nia mbaya. Watumiaji wakiweza kubandika anwani wanazotaka, mmoja anaweza kuandaa anwani inayogongana na ya mwingine. MD5 nayo imevunjwa tangu 2004, na SHA-1 ilipatiwa mgongano hadharani mwaka 2017. Kwa kashe ya picha za seva yako MD5 haitakuletea madhara, ila Xcode itakuonya tangu iOS 13 na mkaguzi wa usalama atauliza. Sioni sababu ya kuianza leo kwenye mradi mpya.

Baada ya kubadilisha heshi

Toleo jipya likitoka, majina yote ya zamani yanakuwa mayatima: hakuna msimbo unaoyajua tena, na yanakalia nafasi kwenye simu ambayo pengine ina gigabaiti 16 tu. Usijaribu kuyabadilisha jina moja moja. Weka namba ya toleo kwenye folda, mfano `picha-v2`, kisha ufute `picha-v1` yote kwa thredi ya nyuma programu ikifunguka mara ya kwanza. Fanya hivyo simu ikiwa kwenye Wi-Fi kama unaweza, kwa sababu picha zote zitapakuliwa upya, na wateja wa mnadani wananunua bando la siku.

Sisi tulipohamia SHA-256 yenye ukaguzi wa ufunguo, nilimpigia yule mzee nikamwomba asasishe programu akiwa bado kwenye simu nami. Akafungua tangazo, akanyamaza kidogo. "Ndama mweusi," akasema. "Sasa huyo fahali yuko tangazo gani?"